Kesi ya Wailchamus wa Baringo: ushindi mahakamani, hesabu ileile debeni

"Wengi wape," husema wazee, na uchaguzi wetu nchini Kenya umesimama juu ya neno hilo. Mwenye kura nyingi anachukua kiti, aliyebaki anasubiri miaka mitano. Jamii kubwa inaweza kusubiri, maana zamu yake huja. Wapo wengine ambao zamu haiji. Wagombea wao wanaweza kuwa hodari, kampeni yao safi, na watu wao wakapanga foleni kituoni tangu alfajiri, lakini mpaka wa eneo bunge umepita mahali ambapo wao ni wachache leo, na watakuwa wachache hata wajukuu wao watakapochukua vitambulisho.

Mwaka 2004 watu wa namna hiyo, Wailchamus wa kando ya Ziwa Baringo, walipeleka kilio chao Mahakama Kuu jijini Nairobi. Kesi hiyo, namba 305 ya mwaka huo, iliamuliwa tarehe 18 Desemba 2006. Nimeirudia mara nyingi kuliko kesi nyingine yoyote ya uchaguzi, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo Katiba ya 2010 ililisikia vizuri lakini haikulijibu hadi mwisho. Watu wachache wakikubaliwa kwamba wanastahili sauti bungeni, sauti hiyo wapewe kwa kuchorewa mpaka au kwa kutengewa kiti? Majaji waligusa njia zote mbili. Nchi ikafuata njia ya mpaka, ambayo kwa Wailchamus haifiki, na njia ya kiti ikaachwa mikononi mwa vyama.

Watu na mahali pao

Ukitoka Nakuru kwenda kaskazini, barabara inateremka hadi Marigat, ambako joto la bonde linakupokea na asali inauzwa kwenye chupa kando ya lami. Ukikata kushoto unapanda milima ya Tugen kuelekea Kabarnet. Upande wa pili ni tambarare inayoishia ziwani: Ng'ambo, Salabani, Eldume, Mukutani kwa mbali, na visiwa kama Kokwa. Hapo ndipo kwa Wailchamus, ambao vitabu vya zamani vinawaita Wanjemps. Lugha yao ni Kimaa, hivyo ni ndugu wa Wasamburu na Wamaasai, lakini pamoja na ng'ombe na mbuzi wao huvua samaki na kulima kwa maji ya mfereji. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyopanda bara karne ya 19 iliwajua kwa hilo, maana ilipofika Baringo ndipo iliponunua nafaka kabla ya kuendelea na safari. Mvuvi wa Kiilchamus bado utamwona ameketi juu ya kichombo cha miti myepesi iliyofungwa pamoja, maji yakimfika mapajani, anapiga kasia mbili ndogo kwa mikono, kila mkono na yake.

Naeleza haya kwa sababu kesi yenyewe ilianzia hapa. Kabla ya kuzungumzia kiti, mahakama ilibidi ijiulize kama hawa ni jamii ya kipekee au ni kijisehemu tu cha wapiga kura wa Baringo ya Kati. Na mwenye kujua maisha yao anaelewa kwamba matatizo yao hayafanani na ya jirani aliye mlimani. Mlimani shida ni barabara na soko. Huku tambarare ni maji ya mto yanayogombewa, mafuriko, ziwa linalopanda na kumeza shule, mifugo inayoibwa kwa bunduki, na mathenge.

Mathenge ni mti wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 1980 katika mradi wa kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaota pasipotakiwa, ukafunga malisho na njia za maji. Maganda yake yana sukari. Mbuzi huyapenda, na kwa kuyala mwaka hadi mwaka meno yake huoza na kung'oka, mwisho akafa njaa katikati ya majani. Karibu na miaka hiyohiyo ya kesi ya uwakilishi, jamii hii iliishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani awe kielelezo. Wengi waliichukulia habari ile kama kichekesho. Mimi naiona kama maelezo mafupi kabisa ya maana ya kukosa mbunge. Mtu mwenye mjumbe wake katika Bunge halazimiki kumpakia mbuzi kwenye gari hadi mjini, amfungue mdomo, ndipo serikali iamini kuna tatizo.

Walichokidai

Kisheria walikuwa ndani ya eneo bunge la Baringo ya Kati. Kiti hicho kilishikiliwa na Daniel arap Moi tangu 1966 hadi alipostaafu urais mwaka 2002, kisha mwanawe Gideon Moi akakirithi katika uchaguzi wa mwaka huo. Miaka 40 karibu yote, nyumba moja. Kosa la mtu binafsi si hoja hapa, na wala Wailchamus hawakuijenga kesi yao juu yake. Hoja ilikuwa idadi. Watugen ndio wengi katika eneo lile, Wailchamus walikuwa kati ya watu 25,000 na 30,000, na kila mtu hupiga kura akiangalia nyumbani kwake. Kwa hali hiyo Mwilchamus angesimama mara kumi na kuanguka mara kumi.

Waliomba mambo mawili makubwa. La kwanza, mahakama itamke kwamba wao ni miongoni mwa "makundi yenye maslahi maalum" ya kifungu cha 33 cha Katiba ya zamani, kile kilichoruhusu wabunge 12 wa kuteuliwa. La pili, Tume ya Uchaguzi ya wakati huo iwafikirie katika ugawaji wa maeneo bunge kwa mujibu wa kifungu cha 42, hadi wapate eneo ambalo kura zao zina uzito.

Mambo hayo mawili yanafanana kwa nia, lakini kwa utendaji yako mbali. Eneo bunge ni la ardhi. Yeyote aliyejiandikisha ndani ya mpaka anapiga kura, na mshindi anawawakilisha wote, waliompenda na waliomkataa. Kiti maalum ni cha kundi. Hakina mpaka, na mwenye kukikalia anatakiwa aseme kwa niaba ya watu fulani popote walipo. Msomaji wa Tanzania anaijua tofauti hii kila siku kati ya mbunge wa jimbo na mbunge wa viti maalum. Wailchamus walibisha hodi kwenye milango yote miwili kwa pamoja, na nadhani walifanya hivyo kwa sababu hawakujua upi utafunguka.

Majibu ya upande wa serikali yalikuwa yale ambayo hata leo utayasikia: kila Mkenya ana kura moja, hakuna aliyezuiwa kugombea, basi ubaguzi uko wapi? Kwa maneno ni kweli. Hakuna sheria iliyoandika kwamba Mwilchamus asichaguliwe.

Hukumu

Majaji Joseph Nyamu na Anyara Emukule hawakuishia kwenye maneno. Waliangalia matokeo. Walisema kwamba nafasi ya mgombea wa Kiilchamus kuchaguliwa katika eneo lile ilikuwa finyu mno, kama miaka 40 ilivyokwisha kuonyesha, na kwamba hali hiyo inawanyima haki zao za msingi zilizolindwa na Katiba. Waliwatambua kuwa ni jamii ndogo ya pekee yenye utamaduni wake. Walikubali kwamba ni kundi lenye maslahi maalum chini ya kifungu cha 33. Na waliiagiza Tume, itakapopitia mipaka tena, izingatie yote yaliyoandikwa katika kifungu cha 42, yakiwemo maeneo ya vijijini yenye watu wachache, mwelekeo wa ongezeko la watu, na umoja wa maslahi ya jamii, wakitajwa hasa Wailchamus wa Baringo ya Kati.

Sehemu iliyo moyoni mwa hukumu, kwangu, ni pale walipoeleza kwamba jamii ndogo ina haki ya kushiriki katika kutunga sera na kuzitekeleza, na kuwakilishwa na watu waliotoka katika mazingira yaleyale ya kijamii, kiutamaduni na kiuchumi. Kabla ya hapo mazungumzo yetu ya uwakilishi yalihusu zaidi hesabu: kura moja ya mtu huyu iwe sawa na kura moja ya yule. Majaji waliongeza sharti jingine, kwamba kura iwe na uwezekano wa kuzaa kitu. Kura ambayo tangu ilipotumbukizwa haikuwa na njia yoyote ya kumfikisha mtu popote haiwezi kuitwa sawa na nyingine kwa sababu tu karatasi zake ni za rangi moja.

Hukumu ya ujasiri, hilo silipingi. Lakini lazima isomwe pamoja na udhaifu wake, na udhaifu huo uko kwenye amri zenyewe.

Chukua kifungu cha 33. Baada ya marekebisho ya 1997, wabunge 12 wa kuteuliwa walipendekezwa na vyama kulingana na nguvu ya kila chama bungeni. Majina yalipitia Tume, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha usawa wa kijinsia umezingatiwa, kisha Rais akateua. Sasa mahakama imetamka kwamba Wailchamus ni kundi lenye maslahi maalum. Vizuri. Chama kipi kimeamriwa kuwapa nafasi? Hakuna. Tume imepewa uwezo wa kulirudisha jina la chama kisichowajali? Hapana. Lilikuwa tamko lisilo na mdaiwa, kama hati inayosema una haki ya kulipwa bila kutaja nani akulipe.

Kifungu cha 42 nacho kilikuwa na kizuizi chake. Idadi ya maeneo bunge ilikuwa haiwezi kupita 210, na nafasi zote 210 zilikwisha kujazwa katika ugawaji wa 1996. Kuwapa Wailchamus eneo jipya kungehitaji Bunge liongeze idadi, au Tume imnyang'anye mwingine lake. Kisha ikaja 2007, uchaguzi ukaharibika, damu ikamwagika, tume ya Kriegler ikachunguza, na Desemba 2008 Tume ya Uchaguzi iliyokuwa imepewa amri ikavunjwa. Ilivunjwa bila kuchora mpaka hata mmoja mpya.

Hesabu ya 2012

Katiba ya 2010 ilileta matumaini mapya, na mtu anayeijua kesi hii akiisoma anasikia mwangwi wake. Ibara ya 260 inafafanua "jamii iliyotengwa" kwa maneno yanayowaenea Wailchamus karibu neno kwa neno: jamii ambayo kwa uchache wake au kwa sababu nyingine imeshindwa kushiriki kikamilifu katika maisha ya nchi. Ibara ya 56 inaitaka serikali iweke mipango ili jamii hizo ziwakilishwe. Maeneo bunge yakaongezwa hadi 290.

Machi 2012, tume mpya ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ilitangaza ramani. Baringo ya Kati ikakatwa, likazaliwa Baringo Kusini lenye wadi 4: Marigat, Ilchamus, Mochongoi na Mukutani. Kwa mtazamo wa haraka ungesema amri ya majaji imetimia. Eneo linalozunguka ziwa limepata kiti chake, na jina la jamii limeandikwa kwenye wadi.

Sasa chukua karatasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097. Gawa kwa 290 upate wastani wa 133,138 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu eneo lizidi au lipungue wastani huo kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, asilimia 40. Kwa hiyo eneo dogo kabisa ambalo tume ingeweza kulichora upya kihalali lilikuwa la watu kama 79,900. Wailchamus katika sensa hiyo walikuwa 27,288, nchi nzima.

Hapo ndipo kisa kilipokwama, na ninasikitika kwamba mjadala mwingi haukufika hapo. Hata tume ingekuwa na nia njema kuliko malaika, hata ingewakusanya Wailchamus wote hadi mtu wa mwisho ndani ya mpaka mmoja, wangekuwa mmoja kati ya kila watu 3. Kwa wastani wa kawaida wangekuwa mmoja kati ya 5. Hakuna mchoraji wa ramani anayeweza kuwageuza kuwa wengi bila kuvunja Katiba yenyewe. Na katika Baringo Kusini ilivyochorwa, Watugen walibaki wengi, wakiwemo Waendorois wa upande wa Ziwa Bogoria na Mochongoi. Hao nao wana kilio chao: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliona kwamba serikali iliwakosea kwa kuwaondoa katika ardhi yao, na Umoja wa Afrika ukaupitisha uamuzi huo mwaka 2010. Wanyonge wawili wakawekwa kwenye chungu kimoja wagombee mwiko mmoja.

Mbunge wa kwanza wa Baringo Kusini, Grace Kipchoim, alichaguliwa 2013 na tena 2017. Alipofariki Aprili 2018, Charles Kamuren akashinda uchaguzi mdogo wa Agosti, na 2022 akarudishwa. Sina neno juu ya utumishi wa yeyote kati yao, na mbunge wa kabila lolote anaweza kuwa mtetezi mwema wa jamii nyingine. Ila hoja ya mwaka 2004 haikuwa kuomba mtetezi mwema. Ilikuwa kuomba njia ambayo jamii yenyewe inaweza kumpeleka mtu wake, na kumrudisha nyumbani akiwasaliti. Njia hiyo haikufunguka.

Jambo moja hapa linanikera. Katiba hiyohiyo ilikuwa na kifungu cha mpito kilichosema kwamba ugawaji wa kwanza usifute eneo bunge lililokwisha kuwapo. Maeneo 27 yaliyokuwa chini ya kiwango yakanusurika kwa kifungu hicho. Mojawapo ni Lamu Mashariki, lenye watu 18,841 katika sensa ya 2009, pungufu kuliko Wailchamus. Siwaonei wivu watu wa Faza, Kiunga na Basuba. Waaweer wa msitu wa Boni wako humo, nao wanahitaji sauti kama yeyote. Ninachoonyesha ni kwamba nchi iliweza kukubali kiti cha watu 18,841 kwa sababu kilikuwapo tangu zamani. Kumbe hesabu si sheria ya Mungu. Aliyewahi kupewa alilindwa, na aliyenyimwa tangu mwanzo akaambiwa idadi yake haitoshi.

Wadi, angalau

Nisiwe mtu wa kuona giza tu. Mahali ambapo ugawaji wa 2012 ulizaa matunda ni kwenye bunge la kaunti. Baringo ina wadi 30, na katika wadi ya Ilchamus kura za jamii hii zina uzito ambao hazijawahi kuwa nao katika ngazi ya eneo bunge. Mwakilishi wadi anajua ni mfereji upi umeziba na ni zahanati ipi haina dawa. Mambo ya afya ya msingi, kilimo na barabara za mashinani yako chini ya kaunti, kwa hiyo hicho si kiti cha mapambo.

Lakini usalama haumo kwenye kaunti. Mwaka 2017 familia nyingi za Mukutani zilipokimbia mashambulizi ya majambazi wa mifugo na kupiga kambi Eldume, mwakilishi wadi hakuwa na polisi wa kuwaagiza. Ardhi ya kitaifa, elimu ya sekondari, maafa ya ziwa, mgawo wa fedha kwa kaunti, vyote vinaamuliwa Nairobi. Uamuzi unaoua au kuponya uko katika chumba ambacho wadi haifiki.

Viti vilivyotengwa, na nani anavigawa

Basi tuje kwenye mlango wa pili. Ibara ya 97 ya Katiba ya 2010 iliweka wabunge 290 wa maeneo, wanawake 47 wa kaunti, na wabunge 12 wa kuteuliwa na vyama ili kuwakilisha "maslahi maalum, wakiwemo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi." Jamii ndogo hazikutajwa kwa jina. Neno "wakiwemo" linaacha mlango wazi, maana orodha haijafungwa, lakini mlango ulioachwa wazi bila mtu wa kukukaribisha ni ukuta. Seneti ina viti 16 vya wanawake, 2 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Katika mabunge ya kaunti makundi yaliyotengwa yametajwa, na hugawana viti vichache na vijana pamoja na walemavu.

Kote huko, orodha inaandikwa na chama. Hapo ndipo ninapoona kasoro yenyewe. Kiti kimetengwa kwa ajili ya asiye na nguvu, kisha ufunguo wake akakabidhiwa mwenye nguvu. Mkuu wa chama ana wafuasi wa kuwalipa fadhila, ana mgombea aliyeanguka anayetaka kubembelezwa, ana jamii kubwa ambayo kura zake zitamfaa miaka mitano ijayo. Jamii ya watu 27,000 itampa nini? Hata akiwa mtu wa haki, hesabu ya siasa inamvuta kwingine. Na aliyeteuliwa humo, akijua kwamba aliyempa kiti ni chama, ataangalia uso wa chama kabla ya uso wa mzee wa Salabani.

Ukitaka kupinga, njia ni nyembamba. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2016 kwamba majina ya walioteuliwa yakishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, yaliyobaki ni kufungua kesi ya uchaguzi. Kesi ya uchaguzi wa bunge la kaunti inadai dhamana ya shilingi 100,000, ya ubunge 500,000, bado hujamlipa wakili. Mchungaji aliyepoteza mifugo yake Mukutani atazitoa wapi?

Waliotunga Katiba waliiona hatari hii, ndiyo maana wakaandika Ibara ya 100. Inaliagiza Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, makabila madogo na jamii zilizotengwa. Muda uliowekwa ulikuwa miaka mitano. Ulikwisha Agosti 2015 bila sheria hiyo kupatikana. Wabunge waliokuwa na jukumu la kuitunga ndio walioingia kwa kanuni ya zamani, na si rahisi mtu kukata tawi alilokalia.

Jirani yetu Burundi alichukua njia nyingine. Katiba yake ya 2005 iliwatengea Batwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti, navyo hujazwa baada ya kura za kawaida, tume ya uchaguzi ikiwaingiza. Batwa ni takriban asilimia 1 ya Warundi. Kwa kura za kawaida wasingefika. Mtu anaweza kuikosoa Burundi kwa mengi, na kiti peke yake hakijawapa Batwa ardhi. Lakini kundi limetajwa kwa jina, na kiti hakimtegemei mwenyekiti wa chama.

India ina mtindo wa tatu: maeneo bunge 84 yametengwa kwa matabaka yaliyodhulumiwa na 47 kwa makabila ya asili, ambapo mgombea lazima awe wa kundi hilo lakini wapiga kura ni wote. Wapo wanaoupendekeza kwetu. Kwa Baringo nauogopa. Wailchamus wakiwa mmoja kati ya 3, anayeamua ni Mwilchamus yupi aende Nairobi atakuwa jirani aliye wengi, na atamchagua yule asiyemsumbua.

Pingamizi ambalo silipuuzi

Kuna wenzangu wanaosema hivi: Kenya ina zaidi ya makabila 40, tukianza kugawa viti kwa kabila tutaishia wapi? Tumezika watu kwa ajili ya ukabila mwaka 2008, na sasa tuuandike kwenye sheria?

Hofu hiyo ni ya kweli, nami siiondoi kwa maneno matupu. Ila tofautisha kati ya kabila linalotumia wingi wake kuchukua na jamii inayoomba isifutwe. Watu 27,000 hawawezi kuiteka serikali. Pia kigezo hakilazimiki kuwa kabila kama kabila. Ibara ya 260 imekwisha kutoa vipimo: uchache, kutengwa, maisha ya uwindaji au ufugaji yaliyowaweka mbali na maendeleo. Wenye kutimiza vipimo hivyo, Wailchamus, Waogiek, Waaweer, Waelmolo na wengineo, wanaweza kushirikiana viti vichache vya pamoja na kuvipigia kura wenyewe kwa zamu au kwa mkoa. Viti 4 kati ya wabunge 349 wa kuchaguliwa na kuteuliwa havipindui nchi.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni lingine. Akipatikana mjumbe wa Wailchamus, atakuwa mjumbe wa nani ndani ya Wailchamus? Wazee wenye ng'ombe wengi, au mama anayelima nusu ekari kwenye mfereji? Mahakama ilizungumza juu ya jamii kana kwamba ina mdomo mmoja. Ndiyo maana nasisitiza kiti hicho kipigiwe kura na jamii, kwa daftari na kwa siri, wanawake na vijana wakiwamo, badala ya kuteuliwa, awe anayeteua ni chama au baraza la wazee.

Ramani inayofuata

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Hesabu ya miaka 12 tangu Machi 2012 ilitimia Machi 2024, wakati ambapo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Waliokuwapo waliondoka kufikia mwanzoni mwa 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Kwa hiyo ramani ya 2012 ndiyo tuliyo nayo bado.

Itakapopitiwa, itatumia sensa ya 2019, na kifungu cha mpito kilichonusuru yale maeneo 27 kilikuwa cha ugawaji wa kwanza tu. Watu 47,564,296 kwa maeneo 290 ni wastani wa karibu 164,000. Eneo dogo kabisa linaloruhusiwa litakuwa la watu kama 98,400. Sensa hiyo iliwahesabu Wailchamus 32,949. Gawa mwenyewe: bado ni mmoja kati ya 3, ikiwa watakusanywa wote, na Lamu Mashariki nayo itakuwa mezani safari hii ikitafuta pa kujiegemeza. Makamishna wakienda Marigat kusikiliza maoni ya wananchi, watasikia ombi la mpaka, kama walivyolisikia wenzao waliotangulia. Jibu la ombi hilo haliko kwenye mikoba yao. Liko bungeni, kwenye sheria ya Ibara ya 100 iliyopaswa kuwapo tangu 2015, na huko ndiko ningependa kuona barua, maandamano na kesi zikielekezwa kuanzia sasa, kabla wino wa ramani mpya haujakauka.